Watasema anapiga chafya

Mbwa wetu anaitwa Watasema. Jina alimpa baba siku alipomleta nyumbani ndani ya kofia, maana alijua majirani watauliza: familia inayopanga foleni ya posho inapata wapi chakula cha mbwa? Na kweli walisema. Kiangazi hiki wakaongeza lingine: mbwa wa kwenu anapiga chafya sana, ndiye anayewapa watoto kifua.

Wanaoijua Nyarugusu wanajua kiangazi chetu. Kuanzia mwezi wa 6 vumbi jekundu linakaa kwenye mashuka, kwenye sufuria, kwenye daftari. Hapo ndipo kitinda mimba wetu, ana miaka 6, alianza kukohoa usiku, kifua kinalia kama filimbi. Na Watasema, aliyekuwa analala miguuni pake kwenye mkeka, naye chafya, chafya. Ukiwasikia wawili hao gizani ungesema wanajibizana. Mama jirani akaunganisha. Akamwambia mwenzake kwenye bomba la maji, na kufika jioni kijiji chote kilijua. Mwingine akataja kichaa cha mbwa. Mzee mmoja akaja kwa heshima, akaketi, akamwambia baba: "Ndugu yangu, huyo mbwa mumtafutie namna."

Namna kila mtu anaijua. Ni kamba na msitu.

Nikiri jambo. Kazi yangu ni vijana. Kila Jumamosi nakaa nao kivulini nawaambia: msibebe uvumi, ulizeni kwanza. Lakini usiku ule mtoto alipokosa pumzi, mimi mwenyewe niliamka nikatafuta kamba. Sikuipata, mama alikuwa ameianikia nguo. Hiyo tu ndiyo iliyomwokoa mbwa, si hekima yangu.

Wiki ileile bwana mifugo alikuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Nikampeleka Watasema, nikamuuliza habari ya chafya. Badala ya kujibu akaanza kuniuliza yeye. Anapiga chafya saa ngapi? Maji yanatoka pua zote mbili au moja? Kuna damu? Anajikuna? Analamba vidole vya miguu mpaka manyoya yanabadilika rangi? Masikio yananuka? Mimi ni sijui, sijui, mpaka nikaona aibu. Mbwa nimeishi naye miaka minne!

Akanieleza taratibu. Mzio, ambao wengi hapa tunauita aleji, ni mwili kukosea adui. Kitu kisicho na madhara kinaingia, mwili unakipigia kelele kama mwizi. Kwetu watu kelele hizo mara nyingi zinatokea puani na machoni: chafya, kamasi, macho kuwasha. Kwa mbwa, mara nyingi zaidi zinatokea kwenye ngozi. Mbwa mwenye aleji anajikuna, analamba miguu, anatikisa masikio, tumbo linakuwa jekundu. Mate ya viroboto peke yake yanaweza kumfanya ajikune mpaka manyoya yatoke. Chafya inaweza kuwa aleji, ndiyo, lakini kwanza tafuta kilichoingia puani: vumbi, moshi, mbegu ya nyasi. Mbegu ikikwama, mara nyingi maji au damu hutoka pua moja tu, na mbwa anasugua pua chini. Hata jino bovu la juu linaweza kuleta chafya. Na kuna chafya ya mchezo, mbwa akifurahi anapiga tu, hana ugonjwa wowote.

Kuhusu kichaa alikuwa mkali. Chafya si ya kutambulia kichaa. Kichaa kinapita kwenye mate, zaidi kwa kuumwa. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa kwenu.

Nikarudi nyumbani nikachukua daftari la mahudhurio ya vijana, nyuma nikachora mistari miwili, mmoja wa mbwa, mmoja wa mtoto. Siku saba. Mbwa alipiga chafya mama akiwasha kuni ndani, mtu akifagia uwanja, na nikimchezea. Kikohozi cha mtoto kilifuata kuni na ufagio. Mchezo haukumfanya kitu. Kumbe walikuwa wanalalamikia kitu kimoja.

Nikaenda na daftari langu hospitali ya kambi, kifua mbele. Muuguzi akasoma, akampima mtoto, akasema ni pumu, na moshi na vumbi vinaichokoza. Halafu akauliza: "Mbwa analala wapi?" Akanieleza kwamba wapo watu ambao aleji yao ni mbwa mwenyewe, si manyoya hasa, ni mate yake na ngozi kavu inayopukutika. Huenda mtoto ni mmoja wao. Nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimeshaandaa hotuba ya ushindi kwa majirani. Hotuba ikabaki mfukoni. Watasema akahamia nje, chini ya kipande cha turubai. Mdogo wangu alilia siku mbili, akaniita yaya mbaya.

Vijana nimewasimulia yote, hata habari ya kamba. Nikawaongezea ya mbwa mwitu wa Botswana: mwaka 2017 watafiti waliandika kwamba kundi likijikusanya, chafya zikiwa nyingi ndipo linaondoka kuwinda, kama vile wanapiga kura. Akianzisha mkubwa, chafya kama tatu zinatosha. Akianzisha mdogo, zinahitajika kama kumi. Kijana mmoja akasema, "Hata huko!" Tukacheka mpaka mkutano ukavunjika.

Sasa mama anapika nje upepo ukiruhusu, na uwanja unanyunyizwa maji yaliyofulia kabla ya kufagia. Mtoto bado anakohoa usiku mwingine, dawa ya kuvuta iko juu ya dirisha. Mama jirani bado anasema.

Leo asubuhi upepo uligeuka, moshi ukarudi mlangoni. Watasema akapiga chafya nne mfululizo. Mama, bila kugeuka, akamjibu: "Nimesikia," akainua sufuria akasogeza mafiga.