Aliipa Mgongo Stesheni

Mwaka 1977 nilikuwa kidato cha tatu, Iringa. Mwalimu wetu wa jiografia alitoka Denmark, na kamera haikumtoka shingoni. Jumamosi nilimbebea mkoba, naye akininunulia andazi na chai ya rangi karibu na soko.

Sisi picha tulipigia studio. Unaoga, unapaka mafuta, unaazima shati la kaka, unasimama mbele ya pazia lililochorwa maua, mpiga picha anakuambia utulie. Kwa hiyo nilishangaa kumwona mtu mzima akimaliza filamu kwa mama anayepepeta mahindi, au mzee anayegema ulanzi, mbeta mkononi. Filamu ilikuwa na picha 36 tu, na za rangi ilibidi azitume kwao kwa posta zikasafishwe.

"Mwalimu," nilimuuliza, "mbona hawa hawajavaa?"

"Wamevaa," akanijibu.

Hakuinua kamera kabla ya kusalimia. "Kamwene," alisema, kwa Kihehe chake cha kuokoteza. Bibi mmoja wa Ipogoro alimkatalia katakata. Akaifunga kamera mkobani, tukakaa, tukala viazi vya bibi, tukaaga. Nalitaja hilo kwa sababu nimewaona wageni waliopiga picha watu kama wapigavyo twiga, na hasira ya jambo hilo ninayo hadi leo.

Likizo ya Juni tulipanda basi hadi Mbeya. Baridi ilikuwa kali, ukungu umeufunika mlima Loleza. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa imekabidhiwa rasmi Julai iliyotangulia, na kila mtu alitaka kuiona treni. Lakini kusini kwetu vita vya ukombozi vilikuwa vikiendelea. Aliyeelekeza kamera kwenye reli au daraja alidhaniwa jasusi, na mwalimu alilijua hilo. Basi akasimama nje, barabarani, akaipa mgongo stesheni, akawapiga picha waliokuwa wakija. Akina mama wa Kinyakyusa na mikungu ya ndizi kichwani. Kijana aliyejitwisha godoro. Mtoto mwenye sweta la mistari, vifungo vyake vitatu kila kimoja na rangi yake.

Kama angeruhusiwa, nadhani angerudi na picha za injini. Injini tunazo nyingi vitabuni. Wale watu hawamo popote pengine.

Mwaka 2014, mwalimu akiwa amekwisha fariki, binti yake alinitumia bahasha yenye picha 41. Nyuma ya kila moja baba yake ameandika mahali na mwezi. Jina hakuna hata moja. Yeye aliyesalimia kila mtu, na mimi niliyekuwa mkalimani wake, hatukuuliza majina. Kosa hilo ni letu sote wawili.

Nimezizungusha picha hizo Iringa na Ipogoro, na kule Mbeya, Mwanjelwa na Uyole. Uyole mama mmoja mzee hakuitambua sura ya yule mtoto. Alilitambua sweta, kwa kuwa alilifuma mwenyewe. Mtoto yule alikuwa mwanawe wa pili.

Majina 11 tumeyapata, 30 bado. Nawe msomaji, kama una picha za zamani kabatini, chukua penseli leo, kaa na wazee wako wakiwa hai, uandike nyuma ya kila moja nani ni nani.