Kutoka Rejesta za Mosoriot hadi Arafa ya "Mambo?"

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vingi vya afya mashambani Kenya zilikaa kwenye rejesta, yale madaftari makubwa yenye mistari. Usajili ulikuwa na lake, maabara lake, dawa lake, na mgonjwa aliandikwa upya kila alipofika mlango mwingine. Mwisho wa mwezi wahudumu walihesabu mistari kwa mkono ili kujaza ripoti za wizara. Ikihitajika kujua mtoto alitibiwa nini miezi michache iliyopita, njia ya haraka ilikuwa kumuuliza mama yake.

Kituo cha Afya cha Mosoriot, kusini mwa mji wa Eldoret, kilianza kubadili utaratibu huo Februari 2001. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, wakiwamo Joseph Rotich na William Tierney, wakishirikiana na Terry Hannan wa Australia, walisimika hapo mfumo wa kumbukumbu wa kompyuta. Mgonjwa alipewa nambari yake, akabeba fomu moja ya karatasi kutoka usajili hadi kwa tabibu, maabara na dirisha la dawa, kisha karani akaingiza maelezo yote kwenye kompyuta. Kwa kuwa umeme ulikuwa hautegemeki, betri za sola zilikuwa sehemu ya mfumo.

Muda wa huduma ulipimwa kabla na baada. Ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22, na kusubiri kukapungua kwa asilimia 38. Hata hivyo, muda ambao matabibu walikaa na mgonjwa nao ulishuka, tena kwa asilimia 58. Takwimu hii ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Foleni fupi ni nafuu kubwa kwa mama aliyetoka nyumbani alfajiri na mtoto mwenye homa mgongoni, lakini haielezi kama mtoto huyo alipimwa ipasavyo wala kama alipewa dawa iliyomfaa. Mosoriot ilithibitisha kwamba kompyuta inaweza kufanya kazi kijijini. Usalama wa mgonjwa ulikuwa bado haujapimwa.

Janga la UKIMWI lililifanya swali hilo la usalama kuwa la dharura, kwani mgonjwa wa VVU hufuatiliwa maisha yake yote. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Indiana walifika Eldoret, wakaona mfumo uliokuwepo hautamudu wingi wa wagonjwa, na hapo ikazaliwa programu huria ya OpenMRS. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huohuo ikafika Rwanda.

Wakati huo simu ya mkononi ilikuwa imekwisha kuingia vijijini. Kati ya 2007 na 2008, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kudhibiti VVU (ARV) waliandikishwa katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado. Takriban nusu yao walitumiwa arafa moja kila wiki: "Mambo?" Jibu lilitakiwa ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu shida, na pia aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Salamu hiyo ilichaguliwa kwa busara, maana haikutaja ugonjwa wala dawa. Hata simu ikishikwa na mwingine, siri ya mgonjwa haikutoka. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010: virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 ya waliopata arafa, dhidi ya asilimia 48 ya wasiopata.

Mwaka 2011 jarida hilohilo lilichapisha utafiti wa Dejan Zurovac na wenzake katika vituo 107 vya mashambani Kenya. Safari hii arafa zilikwenda kwa wahudumu, zikiwakumbusha mwongozo wa kutibu malaria ya watoto. Matibabu sahihi yaliongezeka kwa pointi 23.7 za asilimia, na miezi sita baada ya arafa kukoma ongezeko lilikuwa 24.5. Ni jambo la kutia moyo kwamba mazoea mema yalibaki.

Eldoret nako, Martin Were na wenzake waliifanya kompyuta iwakumbushe matabibu. Kwa kuwa vyumba vya matabibu havikuwa na kompyuta, muhtasari wa kila mgonjwa ulichapishwa kwenye karatasi, ukionyesha kipimo kilichopitiliza muda wake. Katika matokeo ya 2011, kipimo cha CD4, yaani cha kinga ya mwili, kiliagizwa kwa asilimia 53 katika kliniki iliyokuwa na vikumbusho, na kwa asilimia 38 katika ile isiyokuwa navyo. Katika kliniki ya VVU ya watoto, matokeo ya 2013 yalikwenda mbali zaidi: kazi zilizokuwa zimecheleweshwa zilikamilishwa kwa asilimia 68 pale tabibu alipopewa karatasi yenye kikumbusho, na kwa asilimia 18 tu pale alipokosa.