Kosa Lake Nini?

Riwaya yangu imekwama ukurasa wa 40, pale polisi anapoingia. Ndugu msomaji, kama nawe unaandika utanielewa: polisi wa hadithi zetu huja kukamata jambazi, basi. Mimi nataka aje kumchukua mgonjwa, na sijui nimpe pingu au blanketi.

Jambo lenyewe nalijua kwa sababu ya mtoto wa mjomba, huku kwetu Mhezi. Usiku ule alikuwa anarusha mawe juu ya bati, ati kuna watu darini. Mjomba akakimbilia kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti akaita mgambo, mgambo wakaja na kamba ya katani. Wakamfunga mikono kwa nyuma. Vijana wengine wakampiga bila kuulizwa, ndivyo zilivyo shughuli hizi. Asubuhi tukateremka naye mlima wote ule, amelala kwenye pikapu, kichwa mapajani mwa mama yake.

Kituoni afande wa zamu akauliza, "Kosa lake nini?"

"Hana kosa, afande. Anaumwa."

"Sasa mmemleta polisi kwa nini?"

Swali zuri! Lakini usiku ule tungemwita nani mwingine? Tukapewa PF3 kwa majeraha ya mikono. Ya kichwani hayakuwa na fomu. Binamu akalala mahabusu siku mbili na wezi wa mbuzi.

Baadaye nikaitafuta Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Kumbe polisi ana mamlaka ya kumchukua mtu kama yule amfikishe hospitali, bila kosa lolote! Ila afande huyohuyo amebeba pia Kanuni ya Adhabu, ambayo kifungu chake cha 217 kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kwa wenzetu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba.

Afande simlaumu sana. Gari moja, mafuta ya kuomba, na Mirembe iko Dodoma. Isitoshe, ndiye aliyeikata ile kamba, taratibu, akimwita "mdogo wangu", akamnunulia chai na chapati kwa hela yake.

Siku hizi binamu anachomwa sindano kila mwezi na analima tangawizi na baba yake. Akiona sare ya kaki gulioni, anarudi nyumbani hata kama chumvi hajanunua.