Gobore orijino, gobore feki: lipi linamuua mwenyewe?

Sisi vijana wa mjini kwa mambo ya orijino na feki tuko juu. Raba tunaigeuza tukague soli, jinzi tunasoma lebo ya ndani. Ukiuziwa feki unanuna siku mbili, basi. Mwenzenu nimeiona feki ambayo ikigoma inaondoka na jicho lako.

Nazungumzia gobore, wapenzi wasomaji. Nilikwenda Kamsamba, kule bondeni kwenye Mto Momba, mkoani Songwe, kwa mjomba wangu anayelima mpunga. Nguruwe pori wakiingia shambani usiku, asubuhi utadhani limepita trekta. Mjomba alikuwa na gobore la marehemu babu, na kibali anacho. Jirani yake naye alikuwa nalo, la kuchongewa na fundi. Siku moja yakalazwa mkeka mmoja, nikayakodolea macho.

La babu lina mtutu mzito na kitako cheusi kwa jasho la vizazi. Karibu na pale nyundo inapogonga fataki kuna herufi ELG ndani ya duara la umbo la yai. Huo ni mhuri wa Liège, Ubelgiji. Na fataki hapa sio lile zee linalorubuni wanafunzi! Ni kikofia cha shaba chenye unga unaolipuka ukigongwa. Ilienea Ulaya kuanzia miaka ya 1820, ikalistaafisha gumegume, lile la cheche za jiwe. Majeshi ya huko yalipohamia bunduki za kushindilia nyuma, makuukuu yakamwagwa Unguja kwa makumi ya maelfu, yakapanda bara na misafara ya pembe.

Sasa mhuri ule sio urembo. Maana yake mtutu ulijaribiwa kwanza kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida. Kama ni wa kupasuka, upasukie huko huko.

La jirani linang'aa, nyundo imechongwa safi kabisa. Lakini mhuri hakuna, na mtutu wake ni bomba la maji. Bomba lilitengenezwa kubeba maji, si moto wa baruti.

Msiseme nawadharau mafundi wetu. Vuka Momba, panda juu Ufipa: kabla mkoloni hajafika watu walikuwa wanayeyusha chuma kwenye malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu. Ufundi tunao. Kinachokosekana ni wa kupima.

Na nakala sio lazima iwe mbovu. Kule Italia kampuni ya Uberti inatengeneza nakala za bastola ya Colt ya mwaka 1851, ya fataki vilevile, yenye silinda ya kuzunguka ya risasi sita. Chuma chake ni cha leo, na inapimwa na kugongwa mhuri kabla ya kuuzwa. Kati ya hiyo na Colt ya zamani iliyoliwa na kutu, mimi nasimama nyuma ya nakala.

Hapo nikamgeukia mjomba. "Mjomba, huu mhuri ni wa chuma kikiwa kipya. Humu ndani sasa kuna kutu."

Akacheka. "Hili limeua nguruwe kabla mama yako hajazaliwa, mjomba."

"Ndiyo maana limechoka."

Jirani alikuwa kimya. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Hilo la mkekani ni gobore lake la pili. Mjomba akautazama ule mkono, kisha akamtazama binamu yangu, kijana wa miaka 19, ambaye ndiye hukabidhiwa gobore usiku.

Wiki iliyofuata mjomba alilibeba mwenyewe na kibali chake, akalisalimisha polisi. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inaligusa hata gobore, kwa hiyo wenye ya uchochoroni mjue hamko salama mbele wala nyuma.

Siku hizi binamu analinda mpunga kwa kupiga debe na kuwasha moto. Nguruwe bado wanakuja, na wanakula kweli. Lakini binamu ana macho mawili na vidole kumi.