Kwa Nduthi Hadi Soysambu

Pasaka ya 2024 iliangukia wikendi ya Safari Rally, na Jumamosi magari yalikuwa yakimbie Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior. Miaka yote niliyokaa Nakuru sikuwahi kwenda kuyaona. Matatu za asubuhi zilikuwa zimejaa hadi mlangoni, nikachukua nduthi. Kijana alikuwa na Boxer iliyotunzwa vizuri, na kwenye madigadi ya nyuma alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: MUNRO.

Nikamuuliza kama ni Munro yule wa filamu.

“Ni yeye, mkubwa. Mzee wa New Zealand. Shika vizuri.”

Tukapita Lanet, malori ya Malaba yakitupulizia moshi usoni, naye akasimulia akiwa amegeuza shingo zaidi kuliko nilivyopenda. Filamu yenyewe ni The World's Fastest Indian ya 2005, ya Roger Donaldson, na Anthony Hopkins ndiye anayeigiza Burt Munro. Aliiona kwenye flashi, bila DJ Afro kuisimulia kwa Kiswahili, na Kiingereza cha kule kilimpita kidogo. Mambo ya injini hayakumpita. Pikipiki ya Munro ilikuwa Indian Scout ya mwaka 1920, iliyotoka kiwandani haifikishi hata kilomita 90 kwa saa. Mzee akaifungua na kuifunga kwa miongo mingi, akayeyusha vyuma na kujimiminia pistoni mwenyewe kibandani. Kwenye filamu anachukua kisu cha jikoni akachonga tairi. Tukio hilo lilimchekesha dereva wangu hadi nikamwomba aangalie barabara. Mafundi wa Nakuru anaowajua, alisema, wangeomba kisu kikali zaidi, basi.

Nadhani hapo ndipo filamu ile inapopendeza kweli. Mbio zenyewe ni dakika chache tu. Raha iko kwa mtu mwenye spea mbovu na subira.

Karibu na Mbaruk pikipiki ikaanza kukohoa. Akasimama kando, akatoa bisibisi mfukoni, akagusa skrubu ya kabureta robo mzunguko, akasikiliza, akarudisha kidogo. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isipopunguziwa petroli inakula ovyo huku nguvu haionekani. Munro alitoka Invercargill, mji wa pwani, akaenda kukimbia kwenye chumvi ya Bonneville, Utah, zaidi ya mita 1,200. Somo hilo lilimhusu hata yeye.

Tulipoacha lami Ziwa Elmenteita likajitokeza, kingo zake nyeupe kwa magadi. “Munro angepimia mwendo hapa,” kijana akasema. Nikamwambia flamingo wangemlalamikia.

Kisha vumbi. Wenye rally huliita feshfeshi, laini kama unga wa sembe, na nduthi ya watu wawili huzama humo hadi kwenye ekseli. Nilishuka nikasukuma. Kwenye kilima cha watazamaji kulikuwa na mahindi choma, miavuli, na wazee wakibishana kuhusu Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda Safari ya 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, na tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Magari yalipita kwa nafasi ya dakika kadhaa, helikopta kwanza, halafu wingu, halafu mlio. Kalle Rovanperä, kijana wa Finland aliyeibuka mshindi kesho yake, nilimwona kwa muda wa kupepesa macho. Gari jingine lilipita likiburuta tairi iliyochanika, na kijana wangu akalifuata kwa macho zaidi kuliko alivyomfuata Rovanperä.

Tukirudi nikamwambia jambo ambalo filamu inaliruka. Munro alikimbia Bonneville kwa mara ya kwanza 1962. Rekodi yake maarufu, karibu kilomita 296 kwa saa, aliiweka 1967, akiwa na miaka 68, baada ya safari kadhaa. Filamu imezikunja zote zikawa moja. Mimi naona ni hasara: ile miaka ya kwenda na kurudi ndiyo ingenivutia.

“Mkubwa, wewe ungekaa kwa kiti saa ngapi?” akauliza. “Mzee anashinda, watu wanaenda nyumbani wamefurahi.”

Tukabishana hadi Lanet. Tulipofika mjini akaongeza shilingi mia mbili juu ya nauli tuliyopatana, kwa sababu ya vumbi, na mia nyingine, alisema, kwa sababu filta ya hewa lazima sasa ioshwe.