Chumba cha Magunia

Tulipokwenda Marani, huko Kisii, kumzuru shemeji yetu aliyeoa na kuhamia huko, tulidhani hewa ya milimani imemfaa. Alikuwa muadhini wetu, naye ana pumu tangu utotoni. Tulimkuta amekonda, anakohoa usiku kucha na kutema makohozi mazito ya rangi ya kahawia, mengine magumu kama gundi iliyokauka. Adhana hakuweza tena kuimaliza.

Alikwisha kunywa dawa za kifua kikuu miezi sita, ingawa vijidudu havikuonekana katika makohozi. Nasi, tukiri kosa letu, tulimsomea ruqya, tukamfukizia ubani, akazidi kubanwa. Kisomo hakina lawama. Moshi ndio uliokuwa wetu.

Daktari wa mapafu alimwuliza: Unalala wapi? Kumbe alilala chumba cha magunia ya mahindi. Kule mvua ni nyingi, nafaka hukauka kwa shida, na penye unyevu huota kuvu aitwaye Aspergillus fumigatus. Chembe zake hazionekani kwa jicho, na kila mtu huzivuta kila siku pasipo dhara. Lakini kwa baadhi ya wenye pumu hunasa katika makohozi, mwili ukazipiga vita, na vita hivyo ndivyo viumizavyo njia za hewa. Picha ya kifua huweza kufanana na ya kifua kikuu. Madaktari wa Uingereza waliyaeleza maradhi haya mwaka 1952, nayo hayaambukizi. Kuvu wa mahindi yaliyoua watu 125 Ukambani na jirani zake mwaka 2004 ni wa ukoo huohuo, ila yule hupitia tumboni.

Damu ilipopimwa, kingamwili za mzio zilikuwa juu mno. Akaandikiwa prednisoloni kwa miezi, pamoja na itrakonazoli ya kuua kuvu. Maradhi haya yakipuuzwa, mirija ya mapafu hutanuka isirudi hali yake.

Kuyahamisha magunia kulileta maneno, kwani mama mkwe aliona anafukuziwa chakula chake. Ilitubidi tukae naye jioni nzima, kwa adabu, mpaka akaridhia yawekwe ghala la nje.

Juzi shemeji alitupigia simu baada ya alfajiri. Alikuwa ameadhini mwenyewe, na pumzi haikukatika.