Kufyatua

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, hakuomba kufundishwa kwa sababu anapenda bunduki. Mumewe alikuwa ameazimia kununua bastola, nao wana watoto wawili katika nyumba ndogo hapa Clintonville, kaskazini mwa Columbus, mitaa michache kutoka kwangu. "Kaka," aliniambia, "kama kitu hicho kitalala nyumbani kwangu, nataka nikijue kabla wanangu hawajakijua." Sikuweza kulikataa ombi hilo, ingawa mimi ni mwalimu wa fasihi, na shabaha nilifundishwa na jirani mzee nilipokuwa nikiandika tasnifu.

Sheria haikumlazimisha. Tangu Juni 2022, mtu mzima wa Ohio aliyetimiza miaka 21, asiyezuiwa kisheria kumiliki silaha, anaweza kutembea na bastola iliyofichwa bila kibali, na bila yale mafunzo ya saa nane yaliyotakiwa hapo awali.

Tulianza kwenye meza ya jikoni kwangu, bastola ikiwa tupu, bila risasi hata moja chumbani. Nilimwonyesha namna ya kuhakikisha kwamba ni tupu, kwa jicho kisha kwa ncha ya kidole. Nikampa kanuni nne zinazohusishwa na mkufunzi wa Kimarekani Jeff Cooper: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekee kamwe kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka umekwisha kulenga, na uijue shabaha yako pamoja na kilicho nyuma yake.

Hapo Kiswahili changu kilianza kukwama. Mtutu wetu ni wa taarifa za habari, ule wa kuingilia madarakani. Bunduki tulizozijua utotoni zilikuwa mbili: ya askari wa benki, na gobore la babu, ambalo somo lake lilikuwa neno moja, "Usiguse!" Sikuwa na lugha ya kulizungumzia jambo hili kwa sauti ya chini, mezani, chai ikipoa. Niliposema "kufyatua" mdogo wangu alicheka. "Kama matofali?" Ndiyo, kama matofali, na baada ya kicheko hicho mabega yake yalishuka.

Lakini kanuni ya nne ilimrudisha kimya. "Nyuma ya ukuta wa chumba chetu," alisema, "ndiko wanakolala." Kuta za ndani za nyumba zetu hizi ni fremu za mbao na mabamba ya plasta, risasi ya bastola huzipenya. Sikuwa na la kumfariji, wala sikulitafuta.

Jumamosi tulikwenda uwanja wa shabaha nje ya mji. Nilichagua bastola ya kaliba ya .22, ambayo haina kishindo kikubwa wala hairuki sana mkononi, maana ukimpa mgeni silaha nzito ili umcheke, umemfundisha woga tu. Akavaa miwani, akaziba masikio kwa vizibo na juu yake vikinga sauti. Shabaha niliiweka mita tano tu, karatasi kubwa, nikampa risasi moja. Moja tu. Alipofyatua alishusha pumzi, akasema, "Basi?" Tukaendelea, moja moja, kisha tano.

Baadaye nilichanganya risasi bandia katika magazini, naye akijua zimo asijue ziko wapi. Ilipofika ya bandia, mlio haukutoka, lakini mtutu uliinama ghafla; mkono wake ulikuwa umeuogopa mlio kabla haujawa. Sikuhitaji kumweleza. Aliuona mwenyewe, akacheka, akaomba tena. Risasi tatu za mwisho zilikusanyika mahali ambapo kikombe cha kahawa kingezifunika, na furaha yake, nakiri, ilikuwa ya kweli, nami niliifurahia. Tuliacha hapo, kabla hajachoka.

Tulinawa kwa maji baridi na sabuni. Nilimkumbusha kwamba risasi, kabla ya kuwa hicho kitokacho mtutuni, ni jina la madini yenye sumu, na vumbi lake halifai kufika kwa watoto. Alinawa mpaka viwikoni.

Njiani kurudi aliniomba tupitie dukani, akanunua kasha la chuma lenye kufuli. Funguo zote mbili amezitia kwenye mkufu wake. Mumewe bado hajanunua bastola, na kasha liko juu ya kabati, tupu.